Kuyajua Yaliyo Moyoni mwa Mwenzio

Mwanamke wa Mombasa anapochagua leso Biashara Street, hatazami rangi na pindo peke yake. Husoma jina. Anaweza kuiacha leso nzuri kwa kuchelea kwamba wifi yake atalifasiri jina lile vibaya, au akainunua asiyoipenda sana kwa kuwa imebeba neno ambalo kwa muda mrefu ametaka limfikie jirani fulani bila ya yeye mwenyewe kufungua kinywa. Siku ya kuivaa, hupita mbele ya nyumba ya jirani huyo kwa mwendo wake wa kawaida. Jirani naye husoma, na papo hapo hujiuliza: Je, ni mimi ninayeambiwa? Na nikionyesha kukasirika, si nitakuwa nimekiri kwamba ni mimi?

Lifungue tukio hilo uone limekunjwa mara ngapi. Aliyevaa anataka mwenzake atambue kwamba yeye analijua lililosemwa. Mwenzake ametambua, na anajua pia kwamba uso wake unatazamwa. Mwaka 1998 mtaalamu wa Uingereza Robin Dunbar na wenzake waliwapima watu wazima kwa hadithi za namna hii, ambamo fulani anadhani kwamba fulani anataka fulani aamini jambo. Walikuta kwamba wengi huzifuata vizuri mpaka ngazi ya nne, kisha hupotea. Wauza leso wetu hawakuhitaji kuambiwa.

Si leso tu. Mgeni akisema "nimeshakula," mama mwenye nyumba hujua kama ameshiba kweli au anastahi. Mtoto akinyamaza ghafla chumbani, tunajua kuna kitu kinachovunjwa. Moyo wa mtu hauonekani kwa macho. Tunachokipata ni uso, sauti, na jinsi mtu anavyoshika kikombe chake, na kutokana na hayo tunakisia anachokijua, anachokitaka na anachokidhani. Sisi husema ni kazi ya moyo. Wataalamu wamekuwa wakiitafuta ndani ya ubongo kwa miaka mingi, na waliyoyakuta yanazihusu nyumba zetu kuliko yanavyozihusu maabara zao.

Tuanze na mahali penyewe. Weka kidole juu kidogo ya sikio lako la kulia, kisha kisogeze nyuma kidogo. Chini ya fupa hilo pana sehemu ya ubongo ambapo pande mbili hukutana, upande wa pembeni na upande wa juu. Mwaka 2003 Rebecca Saxe na Nancy Kanwisher wa chuo cha MIT nchini Marekani waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo kwa nguvu za sumaku, wakawasomesha hadithi fupi fupi. Baadhi ya hadithi zilihusu mtu mwenye dhana isiyo sahihi. Nyingine zilihusu picha iliyopigwa zamani, ambayo haionyeshi tena hali ilivyo sasa. Ukizipima kwa akili, hadithi hizo ni sawa kwa ugumu: zote zina jambo lililopitwa na wakati. Lakini sehemu ile ya nyuma ya sikio iliamka zaidi pale tu iliposomwa dhana ya mtu. Picha iliyopitwa haikuishughulisha. Hata maelezo ya sura ya mtu na mavazi yake hayakuiamsha kama yalivyoiamsha mawazo yake.

Sehemu hiyo haifanyi kazi peke yake. Ipo ya upande wa kushoto, na ipo nyingine katikati, nyuma ya paji la uso, ambayo hushughulika tunapotafakari tabia za watu, na zetu wenyewe pia. Hapa msomaji nakuomba usichukuliwe na rangi nyekundu na njano za picha hizo zinapochapishwa magazetini. Mashine haioni fikira. Huona mwendo wa damu, na picha yenyewe huwa ni wastani wa watu wengi. Inatuonyesha ni wapi kazi inafanyika. Haituambii kazi hiyo inafanyika vipi.

Kuna njia nyingine ya kumfikia mwenzako, ambayo ni ya kuhisi. Mwaka 2004 Tania Singer na wenzake jijini London waliwapima wanawake 16, kila mmoja wao akiwa pamoja na mwenzi wake ampendaye. Mara mwanamke hupewa mshtuko mdogo wa umeme mkononi, mara hupewa mwenzi wake, na alama hutokea ya kumjulisha ni zamu ya nani. Ilipokuwa zamu ya mwenzi, ubongo wa mwanamke uliamka katika baadhi ya sehemu zile zile zilizoamka alipoumia yeye mwenyewe. Si zote. Zile zinazotambua maumivu yako wapi mwilini na makali yake ni kiasi gani zilitulia. Zilizoamka ni zile zinazobeba uchungu wa maumivu, ile hali ya kusononeka.

Basi mambo ni mawili, na si vizuri kuyachanganya. Mtu anaweza kulia na mwenzake kwa dhati kabisa na bado asijue kinachomliza. Na mwingine anaweza kuyajua ya moyoni mwako barabara, hatua kwa hatua, wala asihisi chochote. Matapeli wengi ni wa aina hiyo. Shangazi tunayemkimbilia tukiwa na shida ni yule aliyejaaliwa yote mawili.

Jaribio jingine kutoka Marekani litamgusa kila aliyepitia chuoni, kwa kuwa linahusu nia. Mwaka 2010 Liane Young, Saxe na wenzao waliwasomea watu kisa cha mwanamke aliyemtilia rafiki yake unga mweupe ndani ya kahawa. Kopo limeandikwa kuwa ni sumu, naye anaamini ni sumu. Kumbe ni sukari. Rafiki anakunywa, wala hadhuriki. Je, alilolitenda linafaa au halifai? Bila shaka kila mmoja wetu atasema halifai hata kidogo, kwani alikusudia kuua. Lakini watafiti walipoivuruga kwa muda mfupi ile sehemu ya nyuma ya sikio la kulia, kwa kutumia sumaku iliyowekwa juu ya kichwa, hukumu ya watu ililegea. Waliegemea zaidi kwenye matokeo: rafiki hakufa, basi jambo si baya sana. Tofauti haikuwa kubwa, ila ilikuwepo, na hainitoki akilini. Kumhesabia mtu nia yake ni kazi ambayo ubongo unailipia. Ukichoka, ukiharakishwa au ukighadhibika, ni rahisi kuangalia kikombe kilichovunjika na kumsahau mtoto aliyekuwa akijaribu kusaidia.

Uwezo huu hukua, hauji mara moja. Mtoto wa saa chache tu huvutiwa na umbo la uso kuliko maumbo mengine. Akikaribia mwaka mmoja huanza kuonyesha kwa kidole, na hapo mzazi makini hutambua kwamba jambo kubwa limetokea: mtoto anayeuonyesha mwezi hataki apewe mwezi, anataka wewe nawe uuone. Mwaka 1997 huko California, Betty Repacholi na Alison Gopnik waliwawekea watoto bakuli mbili, moja ya biskuti na moja ya mboga ya brokoli mbichi. Mtafiti alionja mbele yao, akaonyesha kwa uso wake kwamba brokoli ni tamu na biskuti zinamchukiza, kisha akanyosha mkono aombe kidogo. Watoto wa miezi 14 walimpa biskuti, kwa kuwa wao wanazipenda. Wa miezi 18 walimpa brokoli. Katika miezi minne hiyo, mtoto amegundua kwamba hamu ya mwenzake si hamu yake.

Kuzijua dhana za mtu ni kugumu zaidi kuliko kuijua hamu yake. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner wa Austria waliandika kisa ambacho tangu hapo kimesimuliwa kwa watoto wa dunia nzima. Mvulana aitwaye Maxi anaweka chokoleti yake ndani ya kabati la buluu, anatoka kwenda kucheza. Huku nyuma mama yake anaihamishia kwenye kabati la kijani. Maxi anarudi na njaa yake. Ataitafuta wapi? Mtoto wa miaka mitatu hujibu bila wasiwasi: kwenye kabati la kijani! Ndiko iliko, kwa nini aende kwingine? Ni baada ya kufikia miaka minne au mitano ndipo wengi husema atakwenda kwenye la buluu. Mjaribu wako kwa kaimati na bakuli mbili, lakini usimcheke akikosea.

Kulikuwa na wasiwasi kwamba pengine ni mambo ya watoto wa Ulaya, wenye makabati na chokoleti. Ndipo Jeremy Avis na Paul Harris walipokwenda katika kambi za jamii ya Wabaka kwenye misitu ya Kameruni, wakachapisha matokeo yao mwaka 1991. Mtu mzima alifunika kokwa za maembe ya mwituni ndani ya bakuli, akatoka. Mtoto akahimizwa azihamishe na kuzificha mahali pengine. Mwenyewe akirudi atatazama wapi? Na kabla ya kufunua bakuli, moyo wake utakuwa na furaha au huzuni? Watoto waliokaribia miaka mitano wengi walijibu kwamba atatazama bakulini, na kwamba atakuwa na furaha mpaka afunue.

Sasa tunaufikia ule upande unaozihusu nyumba. Ikiwa watoto wa msituni na wa mjini huufikia uwezo huu karibu umri mmoja, mtu angedhani ni kama meno, huota yenyewe. Haiko hivyo kabisa. Mwaka 1991 Judy Dunn na wenzake walichapisha utafiti wao wa Pennsylvania, Marekani, ambapo walirekodi mazungumzo ya majumbani watoto wakiwa na miezi 33, wakawapima baada ya miezi saba. Waliotoka katika nyumba ambamo watu huzungumzia hisia na sababu zake, kwa nini fulani amekasirika, kwa nini yule analia, walizielewa zaidi hisia na dhana za wengine. Mwaka 1994, Perner na wenzake wa Uingereza waliona kwamba watoto wenye ndugu nyumbani huwatangulia wasio na ndugu. Ukiwasikiliza watoto wawili wanaogombania kigari, utajua ni kwa nini: kila mmoja anajifunza kwa lazima kwamba mwenziwe ana yake kichwani.

Kiswahili nacho kimetupa zana nzuri kwa kazi hii. Tukisema "nilijua umeondoka," umeondoka kweli. Tukisema "nilidhani umeondoka," msikilizaji hujua mara moja kwamba hukuondoka. Kwa neno moja tu, mtoto anajulishwa kwamba kichwa cha mtu kinaweza kubeba jambo lisilokuwepo duniani. Anayasikia maneno hayo kutwa, juu ya kichwa chake, wala hakuna anayekusudia kumfundisha.

Ama mtoto asiyeyasikia je?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike. Mtoto kiziwi aliyezaliwa na wazazi viziwi, wanaozungumza naye kwa lugha ya ishara tangu utotoni, hufaulu jaribio la Maxi katika umri ule ule wa watoto wengine. Uziwi peke yake haumcheleweshi. Lakini viziwi wengi mno huzaliwa na wazazi wanaosikia. Nchini Marekani ni zaidi ya tisa katika kila kumi. Wazazi hao hawakuijua ishara hata moja kabla ya mtoto kuja. Mwaka 1995 Candida Peterson na Michael Siegal wa Australia walionyesha kwamba watoto wa aina hii, waliokosa mtu wa kuzungumza naye kwa ishara katika miaka ya mwanzo, huchelewa kwa miaka kadhaa kulielewa jambo ambalo mtoto wa miaka minne anayesikia huliona dogo.

Kisa kinachofafanua zaidi kimetoka Nikaragua, huko Amerika ya Kati. Mpaka miaka ya 1970 viziwi wa nchi hiyo waliishi kila mmoja kwao, na ishara chache za nyumbani za kuombea chakula na maji. Mwaka 1977 kikafunguliwa kituo cha elimu maalumu mjini Managua, na baada ya mapinduzi ya 1979 ikafuata shule ya ufundi. Walimu walijaribu kuwafundisha watoto kusoma midomo kwa Kihispania, bila mafanikio makubwa. Wakati huo huo, uwanjani na ndani ya basi la shule, watoto walikuwa wakibadilishana ishara zao, wakiziongeza na kuzipanga, hata ikazaliwa lugha mpya. Kila kundi la watoto wadogo lililoingia shuleni liliikuza kuliko lilivyoikuta. Hivyo ikawa, tofauti na desturi ya dunia, wadogo wanaijua lugha kwa upana kuliko wakubwa.

Jennie Pyers na Ann Senghas waliitumia fursa hiyo, na mwaka 2009 wakachapisha waliyoyaona. Waliwapa watu wa makundi mawili hadithi za picha, zisizohitaji maneno, za mtu ambaye kitu chake kimehamishwa hayupo. Msomaji huchagua picha ya mwisho. Vijana wa kundi la pili walichagua sawasawa. Watu wazima wa kundi la kwanza, wenye kazi zao na akili zao timamu, wengi wao walikosea kama mtoto wa miaka mitatu. Watafiti walipochunguza mazungumzo yao, waliona kwamba wakubwa hao hawakuwa na ishara nyingi za mambo ya moyoni kama kujua na kudhani. Miaka kama miwili baadaye walipimwa tena. Katika muda huo walikuwa wamechanganyika na vijana, wakaziokota ishara hizo, na wengi walioshindwa mwanzo sasa walifaulu. Mlango ulikuwa haujafungwa, hata kwa watu wazima.

Kuhusu ubongo, jibu lilikuja mwaka 2020. Hilary Richardson, Saxe na wenzao waliwapima watoto viziwi wa Marekani ndani ya mashine. Kwa watoto waliopata lugha ya ishara tangu kuzaliwa, ile sehemu ya nyuma ya sikio la kulia ilikuwa imeshajitenga kwa ajili ya kazi yake, kama ilivyo kwa watoto wanaosikia. Kwa waliocheleweshewa lugha, ilikuwa bado haijabobea kiasi hicho. Sikio lenyewe halikuwa sababu. Sababu ni mazungumzo yaliyokosekana.

Ningependa hapa niweke neno moja kwa ajili ya wazazi wa watoto wenye usonji, kwa sababu nao huambiwa kwamba watoto wao hawaelewi watu. Ni kweli kwamba katika utafiti wa London wa mwaka 1985, watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walikosea jaribio linalofanana na la Maxi. Lakini Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alijibu mwaka 2012 kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili: sisi pia hatumsomi yule mtoto, kisha twasema ni yeye asiyetusoma. Naona hoja yake ina uzito. Usonji na uziwi ni mambo mbali mbali, na tiba ya moja si tiba ya jingine.

Turudi kwa mtoto kiziwi wa kwetu Pwani. Aghalabu hapendwi kidogo. Hulishwa, huvishwa vizuri siku ya Idi, hutumwa dukani kwa ishara za mkono na akaleta alichotumwa. Lakini nyumba inapojaa watu na kicheko kikapasuka, yeye hutazama midomo. Akivuta nguo ya dada yake aulize kuna nini, huambiwa kwa mkono: baadaye. Viziwi wa nchi nyingi wameieleza "baadaye" hiyo, na jinsi isivyofika. Nyanya analia, hajui ni kwa nini. Shangazi amehama kwa mumewe, naye anaona tu kwamba kuna kitanda kimeongezeka. Anaona matendo ya watu wote; sababu zao hakuna anayempa. Kisha akikosea adabu mbele ya wageni, au akimshuku kila anayecheka kuwa anamcheka yeye, twasema viziwi ni wakali. Wengine bado huwaita mabubu, jina lisilostahiki kwa mtu mwenye lugha yake.

Na lugha anayo. Katiba ya mwaka 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kwa jina, ikaifanya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Shule za viziwi zipo karibu nasi, Ziwani hapa Mombasa na Kibarani huko Kilifi. Tatizo ni miaka inayopotea kabla ya shule. Mzazi husubiri aone kama mtoto "atasema," hupita kwa huyu na yule, na mtoto huingia darasani na miaka sita au saba bila lugha yoyote. Hata familia inayotafuta vifaa vya kusikia haina sababu ya kuiacha miaka hiyo ipite kimya. Mtoto ambaye hageuki mlango ukibamizwa na apelekwe kupimwa masikio akiwa bado mchanga.

Kwa mama anayeanza, ishara za kula, kunywa na kulala hupatikana upesi, na wengi huishia hapo. Awaombe walimu pia za kujua, kudhani, kusahau, kutania, kuona haya na kukusudia. Kaka, nyanya na wajomba nao wajifunze, kwa kuwa mazungumzo ayahitajiyo mtoto si yale anayoelekezewa yeye tu. Ni yale ya wakubwa wakisimuliana mambo yao jioni baada ya chai, mikono ikiwa inaonekana: nani alidhani harusi ni Alhamisi, akaja amejipamba na kujitia manukato, akaukuta mlango umefungwa; na kwa nini kila mtu sasa anacheka, pamoja na yeye mwenyewe.